Breki Nilizong'oa

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kugombania wakulima, mmoja wao alitugawia jezi, tukawa timu yake ya mbio za baiskeli. Baiskeli zilikuwa zetu, zilezile za kubebea pamba. Kwa ujinga wangu niling'oa keria, kengele na hata breki, ili yangu iwe nyepesi.

Siku ya mashindano, kwenye mteremko wa kuingia Bariadi, ng'ombe wakaanza kuvuka barabara. Wenzangu walifunga breki. Mimi nilikandamiza kandambili kwenye tairi la mbele mpaka ikanuka kuungua, nikapita katikati ya mapembe huku namlilia mama.

Nikawa wa kwanza. Mnunuzi alinisifu mbele za watu: "Huyu ndiye dume, hagusi breki!" Nilicheka, nikificha kandambili iliyoungua.

Jumapili iliyofuata nilizirudisha breki zangu kimyakimya. Nilipofika kwenye mashindano, wenzangu wote walikuwa wameng'oa za kwao.