Kengele Kwenye Utafiti

Juzi, nikiwa kwenye steshenari moja ya Manzese, mwanachuo mmoja alileta utafiti wake wa fasihi, kauandika kwa mkono, uchapwe haraka. Chuoni walikuwa wanausubiri mchana huohuo.

Dada mchapaji alifika ukurasa wa mwisho, akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Mdogo wangu, hapa umeandika, 'Kama umeelewa, bonyeza kengele.' Kengele gani?"

Binti akajifunika uso. "Jamani! Nilikuwa naandika huku namsikiliza mwalimu kwenye video. Ni ile kengele ya kupata video zake mpya."

"Nifute?"

"Futa, dada! Msimamizi ataniua."

Tulicheka wote. Halafu nikajiuliza: enzi zetu, nani alimsikiliza mwalimu mpaka neno la mwisho?

Nilimwomba binti jina la video hiyo, nyumbani nikaitafuta. Mwalimu anafundisha kweli. Kengele nimeibonyeza.