Vifungo vya Urembo

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake una kasi kuliko hiyo cherehani. Mteja akilalamika kwamba nguo inabana, wifi humjibu kuwa nguo haijabadilika, aliyebadilika ni yeye. Watu wanamnunia, kisha wanarudi. Binti yangu ndiye kipenzi chake, na wifi humwita Bosi.

Bosi ana baridi yabisi ya watoto. Asubuhi huamka viungo vimekakamaa. Mara moja kwa wiki anameza dawa inayomchafua tumbo, mpaka hataki hata kuiona. Hutolewa damu tujue kama ini linaistahimili, na macho humulikwa, maana ugonjwa huu huweza kuingia machoni kimyakimya, bila maumivu wala wekundu. Macho yake yako salama, namshukuru Mungu. Hofu yangu ilikuwa kwenye mikono. Daktari alishatuambia: uvimbe ukiachwa kwenye vifundo vya vidole, vitakakamaa moja kwa moja.

Siku ya kliniki wifi alitusindikiza, kajipamba utadhani anaolewa yeye. Majibu ya damu yalikuwa mazuri, daktari akaanza kugusia habari ya kupunguza dawa. Bosi alitabasamu mpaka gego la mwisho.

"Anavaa mwenyewe asubuhi?" daktari akauliza.

"Mwenyewe kabisa," wifi akadakia kabla sijafungua mdomo. "Kufumba na kufumbua, kishatoka chumbani."

Daktari akataka kumpima kifua. Alipogusa kola, shati lote likafunguka kraa. Nyuma ya vifungo vyake kulikuwa na utepe wa kunata. Mimi ndiye ninayezifua nguo anazomshonea wifi, utepe nauona kila siku, nikadhani ndiyo mitindo ya kisasa.

"Na hivi vifungo?"

"Vya urembo," wifi akasema, tena kwa maringo ya fundi.

Daktari hakucheka. Alivaa vizuri koti lake jeupe, akainama mbele ya Bosi. "Nifungie vifungo, mama."

Bosi alijaribu, ulimi nje. Vidole viligoma kukunjika. Alijaribu tena mpaka machozi yakamlenga. Daktari akaminya vile vifundo taratibu: uvimbe ulikuwepo, na mkono ulikunjika kidogo kuliko mara iliyopita.

"Shangazi," alisema, "umemrahisishia vizuri mpaka mimi nisiuone ugonjwa. Nilikuwa karibu kumpunguzia dawa mtoto anayeihitaji." Akabadilisha vidonge kuwa sindano, tumbo lipate nafuu, akaandika mazoezi ya mikono. Alisema hatujachelewa, na mimi ndipo nikapumua.

Njia nzima wifi alihesabu kwa vidole mashati ya Bosi yenye utepe. Nilimwonea huruma, ingawa masikio yangu yalifurahi kupumzika. Alipofika kwake alifumua kila utepe kwa wembe, akashona vifungo vya kweli, vikubwa.

Dawa ilipoanza kushika, asubuhi moja Bosi akakaa kitandani na shati lake. Wifi, aliyekuja kwetu mapema, akanyoosha mkono kumsaidia.

"Shangazi, usiguse."

Wifi akaingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Tulingoja. Chai ikapoa, gari la shule likapiga honi. Bosi akamaliza, akasimama mbele yetu, upande mmoja wa shati uko juu na mwingine chini. Wifi anayefumua nguo nzima kwa mshono uliopinda uzi mmoja alimtazama, akamvisha mkoba wa shule.

"Imekaa vizuri sana, Bosi," alisema. "Nenda shule."