Shamba la Ng'ambo ya Barabara

Kilichomtia Maribel Olvera wasiwasi kwanza ni simu ndani ya soksi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la njano linasimama kando ya shamba huko Iowa, Marekani. Vijana wanashuka, wamevaa mifuko ya takataka iliyotobolewa shingoni ili umande usiwalowanishe. Msichana mmoja, Brenna Sorlie, miaka kumi na sita, anabaki nyuma. Anachomoa simu, anapiga picha ya kibao cha barabara, anairudisha kwenye soksi.

"Huyu anatupeleleza," Maribel anamnong'oneza dereva, Don Eusebio.

"Labda anakipenda kibao, binti. Wewe hata jogoo akiwika unadhani amekutaja."

Maribel hacheki. Ana miaka ishirini na mitatu. Aliacha shule darasa la sita, akafuata mavuno na wazazi wake kutoka Texas. Sasa anasimamia kikosi cha kung'oa mbelewele, yale maua ya juu, za mahindi ya mbegu, kwa dola kumi na tisa kwa saa. Baba yake aliishi miaka yote bila karatasi za uhamiaji. Mtu anayepiga picha kimyakimya humnyima Maribel raha.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai. Kumbe Brenna alikuwa akijilinda.

Msichana huyo yuko chini ya uangalizi wa mahakama ya watoto kwa kuvunja duka la kituo cha mafuta pamoja na binamu zake. Alhamisi hii hakimu ataamua kama amwahirishie hukumu. Akiahirishiwa, na akimaliza mwaka salama, kesi inafutwa. Lakini tayari ana kosa moja la kuvunja masharti: alichelewa kurudi nyumbani usiku. Kosa la pili linaweza kumfungia mlango huo. Na sharti mojawapo ni kutotoka nje ya kaunti bila ruhusa ya maandishi. Zile picha zilikuwa ushahidi wake wa kila asubuhi.

Tarehe tisa, kikosi kilimaliza mistari yake mapema, kikavuka barabara ya kokoto kuingia shamba la pili la mkulima yuleyule. Mahindi yaleyale, udongo uleule. Ila ng'ambo ile ni kaunti nyingine.

Maribel aliandika jina la shamba kwenye orodha ya mahudhurio, kama kawaida. Afisa wa uangalizi wa Brenna akaiomba orodha, akaisoma, akaandika kosa la pili.

"Hukumwambia kwamba mnavuka mpaka?" afisa alimuuliza Maribel.

"Hakuna aliyeuliza," alijibu, macho chini.

Brenna hakumgombeza. Alimpita kwenye ngazi ya basi, akasema tu, "Mwandiko wako mzuri, bosi. Unasomeka kabisa."

Mama yake Maribel hataki aende mahakamani. "Watakuandika na wewe, mwanangu. Wale hawaandiki mtu mmoja."

Lakini Maribel ameomba ruhusa kazini ya Alhamisi. Anatumaini hakimu atamsikiliza. Amejaribu maneno yake mbele ya viti vitupu vya basi, akakwama kila mara palepale.

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii atasema nini, alipangusa kwanza chavua kwenye mikono ya shati.

"Pale barabarani alinishika mkono. Akaniuliza, 'Dada, huko ng'ambo bado ni kaunti yetu?' Nilijua si yetu. Nikamwambia apige kazi, aache maswali. Bado nilidhani anatupeleleza, nikataka kuona atakwenda kumuuliza nani mwingine."