Miche Ilivyovuka Mto Malaba

Kwetu Taveta tulikuwa karibu kukivunja kikundi. Tulipanda miti kando ya mto, mbuzi wakaila. Tukapanda tena, mafuriko yakashuka na tope kutoka juu, upande wa Tanzania, yakaifukia yote. Kwenye kikao cha mwisho mweka hazina wetu, Bwana Kidochi, alisimama akauliza, "Hivi tunamwagilia miti ya nani? Sisi tunapanda huku, wenzetu kule juu wanalima mpaka kwenye maji. Mto wa nchi mbili hauponywi na nchi moja." Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nalima ndizi, na shamba langu limepakana na mto. Kila masika mto unakata kipande, na migomba inaondoka imesimama wima kama abiria.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesikia redioni kwamba huko Malaba, mpakani na Uganda, watu wa ng'ambo zote mbili wanapanda miti siku moja, kila mtu kwenye ukingo wake. Nikaomba kikundi kinipe ruhusa niende nikaone kwa macho yangu. Bwana Kidochi alicheka akasema, "Nenda, Mshai. Ukirudi utuambie hao wa ng'ambo wamepewa dawa gani."

Basi nikafunga safari ya kuikata Kenya yote, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule.

Asubuhi niliposhuka Malaba kulikuwa kumenyesha manyunyu. Malori yalikuwa yamepangana barabarani hata mwisho wake sikuuona, madereva wengine wakipiga mswaki kando ya magurudumu, wauza mayai na karanga wakipita katikati yao. Nilikuwa sijalala vizuri, lakini usingizi wote ulinitoka. Lugha zilikuwa zinanipita masikioni, Kiteso, Kiluhya, Kiganda, na Kiswahili chao ambacho hakina haja ya kunyooshwa. Mwanamke mrefu mwenye gambuti na leso kichwani alinijia moja kwa moja.

"Wewe ndio dada wa Taveta?"

"Umenijuaje?"

"Unaangalia malori kama mtu anaangalia sinema. Karibu sana. Mimi ndio Mama Amoit."

Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha watumiaji maji wa mto ule, niliyekuwa nimezungumza naye kwa simu. Tulipanda boda mbili, tukauacha mji na moshi wake, tukaingia njia ya vumbi lililolowa, mihogo huku na wimbi huku, hadi kwake.

Mchana ule ule alinipeleka mtoni, akaniambia nitawakuta "mafundi wa maabara". Nilitarajia watu wa serikali. Nikakuta darasa zima la watoto wa shule, suruali zimekunjwa na sketi zimefungwa vizuri, wakiwa na vichungio vya chai na sahani nyeupe, na mwalimu wao, Mwalimu Barasa, yuko ndani ya maji hadi magotini. Mto ulikuwa mdogo na mtulivu, unavukwa kwa miguu. Wengine kati ya watoto wale, aliniambia, huvuka kila asubuhi kutoka Uganda kuja kusoma.

Walikuwa wakigeuza mawe na kuchunga kilichoshikamana chini yake. Msichana mmoja, Apio, alinisukumia sahani puani. Ndani yake kijidudu chembamba chenye mikia mitatu kilikuwa kinatapatapa.

"Huyu hapendi uchafu, madam," alisema. "Tukimpata, maji iko sawa. Akikosa, tunajua mto ni mgonjwa."

"Na mmempata wangapi leo?"

"Wengi!" walipiga kelele wote pamoja, na nikajikuta nami napiga kelele nao, mwanamke mzima.

Kisha walishuka chini kidogo, baada ya mashimo ya udongo wa matofali, mahali ambapo ukingo umeachwa wazi. Wakachunga tena. Safari hii sahani zilijaa minyoo myekundu tu na tope. Kelele zilikatika. Mwalimu Barasa hakuwahubiria lolote. Aliwaacha waziweke sahani za juu na za chini pamoja kwenye nyasi, wazitazame mpaka watosheke. Mimi pia nilitazama. Niliuona mto wetu wa nyumbani katika sahani zile za pili.

Jioni, nyumbani kwa Mama Amoit, tulikula atap, ule ugali wao wa wimbi na mihogo, mweusi na mzito, na kunde zilizoungwa kwa karanga. Nikaona ni wakati wa kuuliza swali lililonitoa Taveta.

"Mliwashawishi vipi watu wa ng'ambo?"

"Hatukuwashawishi," alisema. "Tulianza na kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwao Uganda. Miche ya kwanza tulipeleka huko. Tuliomba ruhusa, tukachimba mashimo kwa ukingo wao, tukapanda, tukarudi. Huku kwetu hatukuwa tumepanda hata mti moja."

Nikamwambia kwetu watu wangenifukuza kwa wazo kama hilo.

"Hata mimi walitaka kunifukuza," alisema akicheka. "Lakini ng'ambo kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Etyang, baba ya yule Apio. Ng'ombe zake ndio zilikuwa zinavunja ukingo. Siku moja msichana akamletea zile minyoo kwa kikombe, akamwambia, baba, hii ndio maji unakunywa. Etyang akakasirika kweli. Halafu akatuona sisi wamama wa Kenya tumeinama kwa shamba lake tunamchimbia mashimo. Aliona aibu, akaleta jembe. Sasa yeye ndio anachunga hiyo mianzi tulimpandia kuliko ng'ombe. Kesho tunapanda kipande imebaki. Utamuona."

Alfajiri tuliamshwa na sauti. Nilidhani ni malori, kumbe ni mto. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku huko mlima Elgon, na maji yalikuwa yameshuka. Tulipofika kivukoni, pale nilipowaona watoto wamesimama jana, palikuwa na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Ng'ambo watu walikuwa wameshakusanyika na majembe yao, wake kwa waume, wanatupungia mikono. Miche yao yote, mianzi na mikuyu, ilikuwa huku kwetu, chini ya kivuli cha kitalu.

Kabla hatujajua la kufanya, tulisikia mtu anaita msaada. Alikuwa Omuse, mfyatua matofali, mwenye yale mashimo ya udongo. Matofali yake mabichi aliyoyaanika karibu na maji yalikuwa yanalowa safu baada ya safu, yanarudi kuwa tope. Omuse alikuwa hapatani na kikundi. Alikataa katakata kurudi nyuma kutoka ukingoni, na vigingi walivyoweka kumwonyesha mwisho wa kuchimba alivifanya kuni za tanuri.

"Mwacheni," kijana mmoja wa kikundi alisema. "Si tulimwambia? Mto umfundishe."

"Mto umeshafundisha," Mama Amoit alimjibu, tayari anateremka. "Sisi tubebe."

Tukajipanga mstari kutoka majini hadi juu kwenye nyasi, tukapokezana matofali. Nilisimama kati ya Mwalimu Barasa na bibi mmoja aliyekuwa akiimba kwa Kiteso, na kila tofali lilikuja baridi na zito kama mtoto aliyelala. Kucha zilinijaa udongo. Ng'ambo nao walikuwa wanatupigia kelele za kututia moyo, kana kwamba ni mechi. Safu za chini zilikwenda na maji, hatukuweza kuziwahi. Lakini nyingi zilipona.

Omuse alikaa juu ya matofali yake, anahema. Akautazama mto, akaitazama miche, akaondoka. Nikadhani ndiyo basi. Alirudi amebeba kamba mbili begani, nene na nyembamba, zile anazofungia maturubai ya tanuri.

"Hiyo miti mnataka ifike kule ama mnataka kuiangalia?" aliuliza.

Alifunga jiwe kwenye kamba nyembamba, akarusha. Likaanguka majini. Akarusha tena, likaanguka karibu zaidi. Mara ya tatu mwanaume mmoja wa ng'ambo, mwenye kofia nyekundu, aliingia majini hadi kiunoni huku wenzake wamemshika mkanda, akalidaka. Mama Amoit alinipiga bega: "Huyo ndio Etyang!"

Kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia hata uwanjani. Walivuta kamba nene kwa ile nyembamba, wakaifunga kwenye mti wao, sisi kwenye wetu, juu ya maji. Gunia la kwanza la miche likaning'inizwa juu yake, likafungwa ile nyembamba ya kuvutia, likateleza, likasimama katikati likiyumba.

"Vuteni, banange, jamani!" Etyang alipaza sauti. "Vuteni!"

"Nyinyi ndio mvute!" Omuse alimrudishia. "Sisi tunaachilia!"

Nilikuwa kwenye ncha ya huku ya ile kamba nyembamba, viganja vinawaka, nacheka na machozi yananitoka. Gunia moja lilikatika likaenda na mto, na ng'ambo zote mbili tukaguna kwa pamoja, "Aaaa!" Mengine yote yalifika. Wakaanza kuchimba, nasi tukaanza kuchimba, tunaonana, na yule bibi aliposhika wimbo, kule wakauitikia.

Nilipomuaga Omuse jioni, nilimuuliza kama sasa atahama ukingoni.

"Nitasogea," alisema. "Si mbali. Kidogo." Kisha akaniongezea, "Hapo nitakapotoka, hao watoto wapande hiyo mianzi yao."

Nilirudi Taveta viganja vimechubuka. Kikao kikaitishwa, nikasimulia yote kama nilivyoyasimulia hapa, kisha nikasema tupeleke miche yetu juu ya mto, Tanzania, tuanze na kwao.

"Tuwapandie wao?" Bwana Kidochi aliuliza polepole.

"Tuwapandie. Kwa mwaka mzima tumekaa hapa tukiwalaumu watu ambao hatujawahi kuwasalimia. Nimejifunza jambo moja tu Malaba: mtu anaanza kukusikia akishakuona umeinama kwenye shida yake. Maneno yatafuata."

Hawakunipigia makofi, lakini Jumamosi iliyofuata walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na Bwana Kidochi alikuwa wa kwanza, jembe begani. Tuliufuata mto juu na miche yetu hadi upande wa Tanzania, tukabisha hodi kwa mama mmoja anayelima ukingoni, Mama Eliaika. Alitutazama kwa shaka.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa," nilimwambia. "Shamba langu liko huko chini. Udongo wako unakuja kwangu, nami sikuwahi kuja kukuona."

Alifikiri kidogo, akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe mwenye shamba langu!" Akaenda akawafunga mbuzi wake, akatuonyesha pa kuchimba na pa kuacha.

Jua lilipokuwa limepinda, Bwana Kidochi aliegemea jembe, jasho linamtiririka, akamuuliza, "Je, nawe siku moja utakuja kwetu kutusaidia?"

Mama Eliaika alikuwa anashindilia udongo kwenye shina la mkuyu kwa kisigino. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani mnapanda lini?" alisema.