Eti Lahani ya Asili

Ile karatasi ya ratiba ya taarab nnayo mpaka leo, na kila nikiitazama damu hunichemka. Wimbo wa tatu, ule ambao hapa Maskati harusi yetu haiwi harusi bila ya kupigwa, penye jina la mtunzi umeandikiwa hivi: "Lahani ya asili." Ya asili! Imeota yenyewe kama majani? Na mwenyewe aliyeitunga yu hai, anakaa hapa hapa mjini, Khuwair ya Kusini, kwa binti yake.

Ni Mhindi. Hapo ndipo penye neno. Kazaliwa Unguja, kapiga fidla na kutunga lahani huko tangu hana ndevu, jina lake likajulikana pwani nzima. Alipohamia huku akatufundisha fidla sisi watoto, kila Ijumaa baada ya alasiri. Ukikosea alikuuliza, "We, umepiga au umekuna?"

Aliyeiandaa shughuli, kwenye ukumbi mmoja Azaiba, ni binamu yangu. Nikampigia simu. "Jina la Mwalimu liko wapi?"

"Dada, hii siku ya Waomani wa Zanzibar. Watu watauliza Mhindi kaingiaje."

"Kaingiaje? Wewe si uliingizwa kwa bibi harusi kwa wimbo wake?"

"Khalas, yashakwisha, karatasi zishachapishwa."

Nikenda kumpa Mwalimu habari, nikidhani atasema yaishe. Wapi! Aliisoma karatasi, akanirudishia kwa hasira. "Mie nishachoka kuitwa fundi, fundi. Nnataka jina langu lisomwe mbele za watu, mara moja tu, na masikio yangu yasikie."

Nikamwapia. "Wallahi, Mwalimu, wasipolisoma nitasimama nilitaje mie."

Siku yenyewe alikuja kavaa koti, akakaa safu ya pili. Mie nilikuwa nyuma yake na watu wa kwetu. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Na sasa, lahani ya asili!" Makofi. Mwalimu akainuka na bakora yake.

"Si ya asili. Yangu mie!"

Bawabu akamjia mbio, akamsemesha Kihindi cha madukani, eti baba, kaa chini.

"Nisemeshe Kiswahili!" Mwalimu akamfokea.

Ukumbi ukacheka. Wallahi walicheka, watu wazima na akili zao, na Kiswahili chenyewe nusu yao hawakijui kama anavyokijua yeye. Shangazi yangu akaninong'oneza, "Kina nini hiki kizee cha Kihindi?"

Mwalimu akageuka, akanitazama. Alikuwa akiningoja. Binamu yangu kanikodolea macho kutoka jukwaani, shangazi kanibana mkono, na mie, mwenye mdomo kuliko wote katika ukoo huu, nikaufungua mkoba wangu. Nikajitia kutafuta kitu ndani yake. Nnatafuta tu, uso chini, mpaka walipomshika bega wakamtoa nje, na wimbo wake ukapigwa.