Ngazi Niliyoitaja kwa Kijerumani

Enzi za ruksa, watalii walipoanza kuja Kilwa Masoko, nilimwapia Mzee Hamisi, msimamizi wa nyumba ya wageni, kwamba Kijerumani ninakijua. Akanipa kazi, akamwacha mpwa wake aliyeiomba.

Kumbe mimi nilikuwa nakariri kamusi kuukuu. Nilijua "Leiter" ni ngazi. Kwamba nomino zao nyingine ni za kike na nyingine za kiume, niliona ni mbwembwe tu.

Wajerumani wa kwanza walipofika, Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama kando ya ngazi ya kwenda juu. Nikawakaribisha kwa sauti: "Steigen Sie auf den Leiter!"

Wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kwa adabu.

"Umewafurahisha. Umewaambiaje?"

"Wapande ngazi, mzee."

Mama mmoja kati yao akasema kwa Kiswahili safi, "Hapana. Leiter ya kike ndiyo ngazi. Ya kiume, yenye 'den', ni msimamizi. Ametuambia tukupande wewe mgongoni, baba."

Kicheko kikamkauka Mzee. Laiti angenifokea! Aliniuliza taratibu, mbele yao wote, "Mwanangu, Kijerumani hukijui, sivyo?"