Gari la Masista Lililokataa Kuachia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Machakos mjini, Foremani alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, akauliza kama nimeleta chai. Nikamwambia nimekuja kazi ya waya za magari. Wanaume walicheka mpaka spana zikawaanguka. Kisha akanipa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, akasema, "Hii haidanganyi. Ikiwaka kuna moto wa umeme, isipowaka hakuna. Hayo mengine ni porojo." Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, kwanza hapo mjini, halafu tawi letu la Kithimani, halafu mjini tena.

Foremani alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Gari lolote likija sevisi, kila kebo ipakwe grisi: ya klachi, ya breki ya mkono, hata ya boneti. Vumbi la Ukambani halina huruma, na yeye alijivunia kwamba hakuna kebo iliyowahi kutoka kwake ikilia. Magari ya wateja aliowaheshimu aliyapaka kwa mkono wake mwenyewe, na gari la masista wa misheni lilikuwa mojawapo.

Katikati ya miaka ya tisini yalianza kuja magari yaliyokwisha kutumika Ujapani, mengine yakiwa na kruzi, yaani kifaa cha kushika mwendo. Dereva akifika kasi anayoitaka hubonyeza swichi, akaondoa mguu, gari likaenda lenyewe. Kompyuta ndogo huamuru mota, mota huvuta kebo, kebo huipa injini nguvu. Ukikanyaga breki, swichi iliyo juu ya pedali hukata moto na mota huachia. Ikikataa kushika, unaanza na fyuzi, kisha balbu za breki, maana hizo zikiungua kruzi nyingine hazishiki kabisa. Huo ni ugonjwa mdogo. Lakini kruzi iliyokataa kuachia, sikuwa nimewahi kuisikia.

Basi gari la masista likaletwa likivutwa. Dereva wao, Mzee Musyoka, alikuwa akimpeleka Sista Mkuu Nairobi. Walipopita Konza, kruzi ikiwa imeshika mwendo, alikanyaga breki, gari likaendelea kusukuma. Akaliweka gia ya nyutro, akalitoa barabarani, likapasua ua wa ranchi. Sista alivunjika mkono. Musyoka alisema mguu wake haukuwa kwenye mafuta. Nani angemwamini? Misheni nzima ilisema mzee alisinzia, mguu ukalala juu ya pedali.

Nilipima fyuzi, swichi ya usukani, swichi ya breki, waya kwa waya. Kila kitu kilikuwa kizima. Foremani akafunga boneti.

"Nduku, gari iko sawa," akasema. "Shida iko kwa kiti ya dereva."

Karakana ikacheka, nami nikacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo sikuridhika, kwa sababu tulikuwa tumelipima likiwa limesimama. Kruzi huwezi kuijaribu hapa mtaani Mumbuni kwenye matuta. Inataka barabara ndefu iliyonyooka. Bodi la gari lilipokwisha kunyooshwa nilimwomba Foremani twende Konza. Alinung'unika, lakini akaenda. Yeye aliendesha. Mimi niliunga taa yangu kwenye waya wa mota, nikaishika mkononi: ikiwaka, mota imeshika, ikizima, imeachia.

Tuliiacha kruzi ishike mwendo kwa muda mrefu, nyanda pande zote mbili, Foremani akipiga mluzi. Kisha nikamwambia akanyage breki.

Taa ilizima papo hapo. Injini ikaendelea kunguruma, gari likatusukuma mbele.

"Toa mguu!" nikapiga kelele.

"Nimetoa! Aiya, Nduku, angalia mguu yangu!"

Niliangalia. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga breki kwa nguvu zote, na ule wa mafuta ameuinua hewani, goti limegusa usukani. Foremani aliliweka nyutro, akazima injini, tukasimama kwenye nyasi. Midomo yake ilikuwa myeupe kama unga.

Tulipofungua boneti, kebo ya kruzi ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya ganda lake. Foremani aliichomoa polepole. Ilitoka na uji mzito mwekundu, grisi ya pipa letu iliyochanganyika na vumbi. Kebo ile imetengenezwa kwa plastiki ndani, haitaki mafuta ya aina yoyote. Ikivutwa kidogo hurudi; ikikaa mahali pamoja kwa muda, uji ule huishika.

"Hii niliipaka mimi," akasema. Akaketi chini, kando ya barabara pale, mzee mzima.

Hatukurudi karakana. Tulikwenda moja kwa moja misheni, tukamkuta Musyoka akifyeka nyasi, maana gari alikuwa amekatazwa, na mwisho wa mwezi alikuwa aachishwe kazi aende kwao. Foremani aliomba Sista Mkuu aitwe. Akaja, mkono ukiwa ndani ya plasta.

"Mzee Musyoka," Foremani akasema mbele yake, "wewe haukulala. Ni grisi yangu. Sisi wenyewe karibu tukufe leo."

Sista alishika kifua. Nilingoja Musyoka afurahi, au atutukane, na angekuwa na haki. Aliweka panga chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Lakini mimi nilishakubali," akasema. "Nilimwambia Sista nililala. Hata hiyo usingizi naikumbuka, Foremani. Naikumbuka vizuri."

Alirudishiwa funguo siku hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu. Vijana wana mashine ya kuchomeka chini ya usukani inayowaambia gari linaumwa wapi, nami naipenda, ningekuwa nayo ningepumzisha magoti yangu. Waya ukikatika najua pa kuupima. Lakini mtu aliyeambiwa na wote kwamba alilala, mpaka akaukumbuka usingizi ambao hakuulala, hadi leo sijui ningemwanzia wapi.